Mstari wa Mtoto Ndani ya Mkeka

Mkeka wa kulalia wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, ukishonwa kwa ukili wa upana wa sentimita 5, unakula ukili wa mita 40, yaani karibu pima 22 kwa kipimo cha mikono iliyonyooshwa. Ukiutandaza na kuuhesabu utapata mistari 20 iliyolala sambamba. Sasa tuseme mtoto wa miaka minane amesuka mita 2 tu kwa likizo nzima, na ukili wake umelegea hapa, umebana pale. Mkeka hautaharibika. Mstari mmoja kati ya 20 utakuwa wake, utashonwa katikati ya mistari ya mama na bibi inayoushikilia pande zote mbili, na usiku watu wataulalia kama mistari mingine. Katika hesabu hiyo ndogo ndimo ninamoiona siri ya kazi za mikono zilizowalea watoto wengi wa pwani ya Tanga. Tumezoea kusema zilifaulu kwa sababu wazee wa zamani walikuwa na subira, au kwa sababu malighafi yake ni ya asili. Ukizichambua kama fundi anavyochambua kazi, utaona zilifaulu kwa jinsi zilivyokatwa vipande: palikuwa na kipande ambacho mtoto angeweza kukosea bila hasara, na kipande hicho hicho kilihitajika kweli na nyumba.

Pongwe ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Ni kata ya Jiji la Tanga iliyoko kwenye barabara ya kwenda Muheza na Segera, kando ya reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Hapo kipo kiwanda cha Tanga Cement kinachotoa saruji ya Simba. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge Tanga, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo mkoa mzima ukageuka nchi ya katani, na kituo cha utafiti cha Mlingano, huko Muheza jirani, ndicho kilichozalisha aina chotara inayojulikana kwa namba 11648. Ongeza minazi, na mikindu inayopenda kingo za mito na mabonde yenye maji. Kwa hiyo mzazi wa Pongwe anayetaka kushika kazi ya mikono na wanawe siku ya Jumamosi ana saruji, katani, makuti na ukindu, vyote vya karibu. Kwa kawaida swali lake la kwanza huwa ni tutengeneze nini. Nadhani hapo ndipo wengi tunapokosea, kwa kuwa swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: katika kazi hii, kosa lina bei gani, na bei hiyo iko wapi?

Tuufuate ukili tangu kuti. Hutumika majani machanga ya mkindu, au miaa ya mlala kwa kazi nzito kama majamvi na makanda. Kuti linalotakiwa ni lile la katikati ambalo bado halijachanua. Kulikata ni kazi ya mtu mzima na haina budi kubaki hivyo, kwa sababu shinani mwa makuti ya mkindu kuna miiba mirefu, panga linahitajika, na anayekata hovyo anaweza kuujeruhi moyo wa mti shina lisitoe jani tena. Lakini kuti likishafika uani, bei ya kosa inaporomoka. Kuyachambua majani kwenye uti, kuyaanika siku kadhaa mpaka rangi ya kijani iondoke, kuyageuza, kuyaanua mvua ikitishia, kuyapanga marefu kwa marefu na mafupi kwa mafupi: mtoto wa miaka mitano anashiriki yote hayo, na akiharibu, limeharibika jani moja kati ya mamia. Kuchana kunataka jicho zaidi. Jani huondolewa kingo na uti wake, likachanwa kwa ukucha au ncha ya sindano ili zipatikane chane za upana mmoja. Chane iliyotoka nyembamba mno haitupwi. Itafungia robota la ukili. Kutia rangi ni suala la maji yanayochemka, kwa hiyo kazi inarudi kwa mkubwa, na mtoto anabaki na haki ya kuchagua rangi, ambayo kwake si haki ndogo.

Kisha kusuka kwenyewe. Chane hulowanishwa kidogo zisikatike, zikapangwa nne au tano kwa anayeanza na zaidi ya kumi kwa mkono uliozoea, zikapishana juu na chini kwa mshazari. Chane ikifika ukingoni hukunjwa na kurudi ndani, hivyo ukingo wa ukili ni mkunjo mtupu, hauna mahali pa kufumkia. Chane ikiisha, nyingine huchomekwa juu yake, na mkia unaosalia hupunguzwa baadaye. Upana haubadiliki maadamu idadi ya chane na upana wa kila moja havibadiliki. Urefu hauna mwisho. Huo ndio uvumbuzi mkubwa uliojificha humu. Mkeka, ambao ni kitu kikubwa na cha kuogopesha, umegeuzwa kuwa utepe mwembamba unaotosha mapajani mwa mtoto, na kila shibiri ya utepe huo ni sawa na shibiri iliyopita. Aliyejua shibiri moja amejua zote. Tena utepe hauna haraka: unaweza kuachwa katikati ya safu mtoto akaenda kucheza, akaitwa kula, akalala, na kesho ukaukuta vilevile.

Zaidi ya hayo, ukili hulitangaza kosa lake wenyewe. Mkono mmoja ukivuta kuliko mwenzake, ukili hupinda upande mmoja kama ndizi. Chane ikirukwa, tundu hutokea pale pale, na safu tatu mbele mpangilio mzima unagoma kukubaliana. Mtoto hahitaji kungoja mkubwa amhukumu. Anaona kwa macho, anafumua shibiri moja, anasuka upya kwa chane zile zile. Na ukili uliopinda kupita kiasi bado una kazi: unaviringika vizuri kuwa kata ya kuwekea mtungi kichwani. Sidai kwamba nyumba zote zilikuwa na upole. Wapo wakubwa waliofokea watoto na kupiga vidole, na hakuna ufundi unaozuia ukali wa mtu. Ninachosema ni kwamba katika kazi ya namna hii ukali hauna cha kuongeza, maana habari ambayo mkaripiaji anataka kuitoa mtoto ameshaipata kutoka mikononi mwake.

Hatua ya mwisho, kushona, inarudi tena kwa mkubwa. Ukingo hulazwa pembeni mwa ukingo, shazia ikapita ikivuta uzi wa ukindu au katani, na mshono unatakiwa ujifiche. Hapa kosa moja linaharibu kazi ya wiki nyingi, kwa sababu mistari ikianza kwenda mrama mwanzoni, mkeka wote utakataa kulala chini. Ukiiangalia kazi nzima kutoka juu, basi, hatari imekaa kwenye ncha mbili, yaani panga mwanzoni na shazia mwishoni, na katikati yake pana uwanja mpana wa siku nyingi ambao kosa halina thamani. Uwanja huo ndio wa mtoto. Kadiri anavyokua anasogea kuelekea ncha hizo, na anayekabidhiwa shazia anajua amepewa nini.

Kuna ushahidi wa mbali unaosaidia kuonyesha kwamba jambo hili si bahati ya ukili peke yake. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani Jean Lave alifuatilia mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, na matokeo yake yakaingia pia katika kitabu alichoandika na Etienne Wenger mwaka 1991. Aliona kwamba mwanagenzi alianza kujifunza nguo kutoka mwisho wake: kupiga pasi, vifungo, pindo, baadaye kuunganisha vipande, na kukata kitambaa ndiko kulikokuja nyuma kabisa, ingawa fundi anayeshona suruali huanza kwa kukata. Kwa juu juu Monrovia na Tanga zinapingana, maana mmoja anaanzia mwisho na mwingine anaanzia karibu na mwanzo. Kwa undani zinakubaliana. Kitambaa kikikatwa vibaya kimepotea, pindo likikosewa linafumuliwa. Kinachopanga masomo ya mwanafunzi si mfuatano wa kazi. Ni bei ya kosa. Fundi wa Liberia na bibi wa pwani ya Tanga wameifikia kanuni moja bila kukutana.

Kanuni hiyo ndiyo inayotusaidia kurudi Pongwe na kuitazama saruji. Siku hizi watu hutengeneza vyungu vya maua kwa taulo kuukuu lililochovywa kwenye uji wa saruji na kutundikwa likauke, na vinapendeza. Inaonekana kuwa kazi ya familia iliyotengenezwa kwa ajili ya mji wenye kiwanda. Ipime kwa bei ya kosa. Viwango vya Ulaya vinataka saruji ya daraja la 32.5 isianze kushika kabla ya dakika 75, na ya 42.5 isianze kabla ya dakika 60. Baada ya hapo jiwe ni jiwe, hakuna kufumua. Mtoto anayetaka kuacha kazi akanywe maji analazimishwa na ndoo kuendelea. Jambo zito kuliko hilo ni kwamba uji wa saruji una kipimo cha pH kinachozidi 12, huchoma ngozi, na mara nyingi maumivu hayaji mapema, kwa hiyo mtoto anaendelea kuchezea kitu kinachomuunguza. Hapa ndipo mzazi anapaswa kufuata njia ya Monrovia. Mkubwa avae glavu, achanganye, achovye, atundike. Chungu kikishakauka kabisa, mtoto akipake rangi, akijaze udongo, apande. Kazi ni ile ile ya familia, ila mlango wa mtoto umehamia mwisho.

Katani iko katikati ya hizo mbili. Jani bichi la mkonge lina utomvu unaowasha, na mashine ya kuchakata si kitu cha kusogelewa na mtoto. Nyuzi zenyewe ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na zikishaoshwa, kukaushwa na kupigwa burashi ni kavu, ndefu na hazina hila. Kusokota kamba ni kazi ambayo kosa lake linarudishika: mafungu mawili yanasokotwa kila moja upande mmoja, kisha yanazungushwa pamoja kwa upande wa pili, na ule msokoto wa ndani unaotaka kufunguka ndio unaoibana kamba isifunguke. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuielewa fizikia hiyo kwa paja lake mwenyewe kabla hajaisikia darasani. Kamba aliyoisokota inakuwa mkono wa kikapu kilichoshonwa kwa ukili wa dada yake.

Pingamizi zito kuliko yote linasema: hiyo ni ajira ya watoto iliyopakwa rangi nzuri. Sitalipuuza, kwa sababu mkoa wenye mashamba makubwa una sababu ya kulichukulia kwa uzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na inatambua haki ya mtoto kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kuathiri mahudhurio yake shuleni. Lakini sheria haikai uani kila jioni, kwa hiyo mzazi anahitaji kipimo chake, na ufundi wenyewe unampa. Kazi ikiwa na hesabu ya pima zinazodaiwa na mnunuzi mwisho wa wiki, kosa limeshapata bei, na mtoto hawezi tena kuuweka ukili chini aende kucheza. Hapo imekuwa ajira, hata kama mwajiri ni mama mzazi na hata kama shida ya nyumba inaeleweka. Ukili wa mkeka wa nyumbani, usio na tarehe, unaachwa saa yoyote. Ruhusa ya kuacha ndiyo tofauti, na inapokosekana nami niko upande wa wapingaji.

Wengine watasema mikeka ya plastiki imejaa madukani, ni rahisi, inafutika kwa kitambaa, na hakuna aliye na nafasi ya pima 22. Ni kweli, na sidhani kuna hesabu ya fedha itakayoupa ukili ushindi katika nyumba ya mtu mwenye kazi ya mshahara. Ila wanaosema hivyo wanaufungamanisha ufundi na jani. Vikapu vinavyosukwa kwa mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo vipo masokoni, na tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ianze Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimekuwa na sababu mpya ya kubebwa. Familia iliyopanga ghorofani Dar es Salaam au Mombasa, isiyo na mkindu wala ua, inaweza kuchana kanga kuukuu kwa upana wa vidole viwili, kusuka utepe wa vipande vitatu kama nywele, na kuushona kwa mzunguko kuwa zulia la mlangoni. Kila sifa niliyoitaja imebaki: utepe mwembamba, safu zinazojirudia, kosa linalofumulika, sindano inayongoja mwishoni. Kinachopotea ni harufu ya ukindu mbichi, na hilo ni pengo, silifichi.

Kinyume chake ni ile kazi ya mikono inayoletwa nyumbani siku hizi katika umbo la boksi lenye gundi, karatasi za rangi na picha ya kitu kilichokamilika. Mtoto anapewa kitu kizima akifanye saa moja. Gundi haifumuliki, picha iliyo mbele yake haina kosa hata moja, na baada ya dakika kumi mzazi anashika mkasi akamalizia mwenyewe ili kifanane. Simlaumu mzazi. Kazi yenyewe imepangwa bila kumwachia mtoto mahali pa kukosea, na kitu kinachopatikana hakihitajiwi na mtu yeyote nyumbani, jambo ambalo mtoto analijua.

Limebaki suala la jinsia na suala la ubunifu. Pwani ukili ni kazi ya wanawake, na mvulana aliyekaa kusuka aliweza kuchekwa. Hata hivyo ukitazama dema la mvuvi, lililosukwa na wanaume kwa fito zinazopishana na kuacha matundu ya pembe sita, utaona vidole vya kiume vikifanya hesabu ngumu kuliko ya ukili wa kawaida. Mgawanyo uko kwenye desturi, mikono haiujui. Juu ya ubunifu, mwanasaikolojia Patricia Greenfield alichunguza ufumaji wa Wamaya wa Zinacantán, Mexico, mwaka 1970, akarudi kuanzia 1991. Aliona kwamba biashara ilipokua, wasichana waliachiwa zaidi kujifunza kwa kujaribu wenyewe, na mapambo mapya yakaongezeka. Anayependa uhuru wa mtoto atasema basi ufundi wa kuongozwa unazaa watu wa kunakili tu. Nadhani somo ni jingine. Katika ukili mfumo wa kupishana hauna mjadala, na bila huo hakuna ukili. Lakini mpangilio wa rangi uko wazi tangu siku ya kwanza, na mtoto anayeingiza chane nyekundu mbili kati ya nyeupe hajui mchoro utakaotoka mpaka utoke. Aachiwe hapo, hata kama matokeo yatamkera bibi.

Kwa hiyo mzazi wa Pongwe anayesubiri likizo ya Juni, wa kiume au wa kike mtoto wake, asianze kwa kutafuta kitu cha kutengeneza. Achague kwanza kitu ambacho nyumba inakihitaji kweli, akiandike kwa hatua zake, aweke alama penye panga, penye moto, na pasipo na kurudi nyuma. Pale pasipo na alama ampe mtoto, naye mzazi akae karibu akisuka wa kwake. Na shule ikifunguliwa kabla ya pima kutimia asiumalizie yeye. Ukili usiokwisha huviringishwa, hufungwa kwa chane, hutundikwa ukutani. Ukilowanishwa kidogo Desemba, unaendelea pale ulipoachwa.